Maji Yasiyo na Mlango: Ufipa na Ziwa Rukwa

Nchi ya Ufipa ni uwanda ulioinuka baina ya maziwa mawili. Tone la mvua likianguka upande wa machweo hushuka Ziwa Tanganyika, na huko huweza kutoka kwa mto Lukuga, likaingia Kongo na kufika bahari ya Atlantiki. Likianguka upande wa macheo hushuka Ziwa Rukwa, na safari yake huishia hapo, kwa kuwa ziwa hilo halina mlango wa kutokea. Maji yake hupunguzwa na jua tu. Udongo, majivu na taka zichukuliwazo na mito hubaki ndani. Sumbawanga, makao ya mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974, uko karibu na ukingo huo wa macheo, chini ya milima ya Mbizi. Jina lake, kwa tafsiri iliyozoeleka, ni amri: tupa uchawi. Mgeni alitakiwa kuacha mabaya yake nje kabla ya kuingia mjini. Lakini kitupwacho katika kijito cha Sumbawanga hakijatupwa bado; yuko mtu bondeni, karibu mita 1,000 chini yake, atakayekipokea.

Wafipa walikuwa na njia yao ya kulinda udongo na maji kabla ya kuwako ofisi yoyote ya kazi hiyo. Masika yakielekea kwisha, ardhi ingali laini, nyasi hulimwa na kufunikwa kwa udongo mpaka yapatikane marundo makubwa ya mviringo, ambayo wenyewe huyaita intumba. Ndani ya rundo nyasi huoza zikawa mbolea; juu yake hupandwa maharage au mazao mengine madogo. Mvua za mwaka unaofuata zikifika, marundo huvunjwa, udongo ukatandazwa, ukapandwa ulezi. Katika nchi iliyo wazi, yenye miti michache, kilimo hiki kiliwapa watu mbolea pasipo moto, na maji ya mvua yaliyopita kati ya marundo yalipunguziwa mbio zake.

Hata hivyo msomaji asidhani kuwa watu wa kale hawakuharibu kitu. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Matanuri yao ya udongo, malungu, yalikuwa na kimo cha kumpita mtu, nayo yalivuta upepo yenyewe bila mivukuto. Tanuri la pili, dogo, lilitumika kusafisha chuma kilichopatikana. Kazi hiyo ilikula makaa mengi, na makaa ni miti. Majembe ya kigeni yalipoenea mwanzoni mwa karne ya 20 moto wa malungu ulizimika, na mabaki yake yamesimama mashambani hata leo. Ni haki kuyahesabu mambo haya mawili pamoja, maana jembe lililoinua intumba lilitoka katika tanuri lililomaliza msitu.

Serikali ya Waingereza ilipoanza vita vyake dhidi ya mmomonyoko wa udongo katika Tanganyika, ilipenda zaidi kuamuru kuliko kuuliza. Milimani Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na pengine ilifukua udongo wa chini usio na rutuba; mwaka 1955 ikazuka ghasia, na mpango ukaanguka. Wahandisi walikuwa wamejua kuupima mteremko, lakini hawakuyapima masaa ya mwanamke mwenye jembe. Intumba nayo ni kazi nzito, tena nzito sana. Ila mavuno yake humrudia yule yule aliyetoka jasho.

Bondeni Rukwa ilikuja kazi ya namna nyingine. Kuanzia mwaka 1930 hata 1944 nzige wekundu walienea katika sehemu kubwa ya Afrika ya kusini na ya kati, na uchunguzi ukaonyesha kuwa miongoni mwa mahali walipoanzia ni mbuga za Mweru wa Ntipa, katika Zambia ya leo, na mbuga za Rukwa. Sababu ilikuwa maji. Ziwa likirudi nyuma huacha nyika pana ya nyasi yenye viwanja vitupu kati yake, na hapo nzige hutaga. Mwaka 1949 serikali za kikoloni zilifanya mapatano na kuunda shirika la pamoja la kupambana na nzige hao, makao yake Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Silaha yake ilikuwa sumu, na nyasi za Rukwa zilitazamwa kama kambi ya adui.

Bahati njema, shirika hilo lilimwajiri pia mtu wa kutazama. Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa viumbe, alikaa miaka mingi akichunguza bonde, na mwaka 1960 alitangaza jambo ambalo wataalamu wa mbuga wanalitumia mpaka leo: wanyama wa Rukwa hula kwa zamu. Tembo na nyati huingia kwanza katika nyasi ndefu za majimaji, wakazikanyaga na kuzifupisha. Ndipo nyamera na puku, swala wa mabondeni, wapate majani mafupi wayapendayo. Ukimwondoa mmoja, meza ya mwingine haitandikwi. Ofisi iliyotumwa kuua mdudu ikawa imeandika sura bora ya elimu ya makazi ya wanyama. Miaka hiyo hiyo ya 1960 ziwa lilipanda, likazamisha sehemu kubwa ya mbuga alizozichunguza, pasipo kungoja ripoti ya mtu.

Somo lilichelewa kuingia katika vita vya nzige. Mwaka 2009 makundi yalipoonekana Rukwa, Iku katika Katavi, na bonde la Malagarasi, yalinyunyiziwa kuvu ambayo huua nzige na kuwaacha ndege na wadudu wengine. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisema kuwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza dawa ya namna hiyo kutumiwa kwa wingi Afrika dhidi ya nzige.

Juu uwandani, kazi iliyosalia haina ndege wala mapatano ya mataifa. Msitu wa Mbizi, unaohifadhi maji ya vijito, ndimo wanamoishi mbega wekundu, na wanyama hao wamezungukwa na nyasi, moto na mashamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Mjini amri hiyo humwangukia kwanza mwenye bustani ya kiangazi kando ya kijito, ambaye mboga zake ndizo ada ya shule ya wanawe; mwenye kunufaika ni mvuvi wa bondeni asiyemjua, pengine wa mkoa mwingine. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa iliwekwa ili iwaunganishe watu kama hao, kwa kuwa maji hayajui mipaka ya mikoa. Lakini hakuna kifungu kinachomlipa mkulima kwa mita zake 60. Na huko chini, ziwani kwenyewe, kipimo hicho kina taabu ya pili: ukingo wa Rukwa huhama, mwaka huu ukiwa hapa, na baada ya miaka kumi ukiwa mbali katika shamba la mtu aliyelima pakavu.