Mwalimu wa shule ya msingi (Bukoba na Muleba)

Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, hufundisha kwa Kiswahili watoto ambao wengi wao, hasa vijijini, huzungumza Kihaya nyumbani.

Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka watoto wote waandikishwe shule ifikapo 1977, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, wakisaidiwa na vipindi vya redio. Wengine walipitia vyuo, kikiwamo Chuo cha Ualimu Katoke kilichoko Muleba.

Darasa la kwanza na la pili, kazi kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Zana huokotwa jirani: buni, mawe, vijiti. Vijiti 10 hufungwa kwa kamba ya mgomba vikawa kumi moja. Mafungu mawili na vijiti vitatu huru ni 23. Njia hii inastahili heshima kubwa, kwani mtoto huishika kumi mkononi kabla ya kuiandika daftarini.

Katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, mwalimu hufika kituoni kwa kuvuka Ziwa Victoria.