Foleni ya Vocha: Kumbukumbu ya Miaka ya Kungoja

Tunapoadhimisha umri wa hekalu letu, yatupasa kuwakumbuka pia wale waliosali huku wakingoja barua kutoka ubalozini. Historia ya Wahindu wa Afrika Mashariki haikamiliki bila kutaja foleni ya vocha.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wengi wenye asili ya Kihindi walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi wao walibaki na paspoti za Uingereza, wakiiona paspoti kuwa ahadi. Mwaka 1967 sheria mpya ziliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na leseni za biashara zikawekewa mipaka. Riziki zikayumba.

Ndipo Uingereza ikapitisha, kwa siku tatu tu, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Mwenye mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza aliingia bila kizuizi. Mwenzake, mwenye paspoti ile ile, alitakiwa kungoja vocha. Vocha hizo zilikuwa 1,500 kwa mwaka, nazo zilitolewa kwa wakuu wa familia. Mke hakuhesabiwa kuwa mkuu wa familia. Hivyo mwanamke mwenye paspoti ya Uingereza, ambaye mumewe hakuwa nayo, hakuwa hata na nafasi katika foleni. Walioomba wakiwa India walingoja miaka kadhaa. Waliosafiri bila vocha walirudishwa, wengine wakizungushwa kutoka kiwanja kimoja cha ndege hadi kingine.

Mwaka 1971 idadi iliongezwa hadi 3,000. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na Uingereza ikapokea watu wapatao 28,000 katika muda huo mfupi. Hapo ikadhihirika kwamba urefu wa foleni ulitokana na uamuzi, wala si uhaba wa ardhi.

Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kuwa ubaguzi huo wa rangi ulikuwa udhalilishaji. Taarifa yake haikutangazwa hadi mwaka 1994. Nao utaratibu wa vocha ulifutwa mwaka 2002.

Sisi tuliobaki, na ndugu zetu walio Leicester na London, tu wazao wa foleni ile. Tuwafundishe watoto wetu kwamba haki inayocheleweshwa kwa kuangalia nasaba imekwisha kunyimwa. Na yeyote anayengoja mlangoni petu leo, tumpokee mapema.