Baraza Lisilo na Jukwaa: Soko la Burma na Vikundi vya Majadiliano vya Usenet

Soko la Burma, karibu na Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, limezungukwa na mitaa ambayo masimulizi yake ni mengi kuliko maandishi yake: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Gikomba. Husimuliwa kwamba jina hilo lililetwa na askari wa King's African Rifles, waliopigana na Wajapani katika misitu ya Burma mwaka 1944 na kurejea na jina la nchi hiyo vinywani. Soko lenyewe, basi, ni neno lililosafiri kutoka mbali likapata makao. Makala haya yanachunguza safari iliyo kinyume cha hiyo, yaani jinsi maneno ya Eastlands yalivyofika katika vikundi vya majadiliano vya Usenet miaka ya 1990, na ni nani aliyeyabeba.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani. Haikuwa na makao makuu. Kila tarakilishi ilihifadhi nakala yake ya yaliyoandikwa, kisha ikaipigia simu jirani yake, aghalabu usiku gharama inapopungua, wakabadilishana mapya. Baada ya mageuzi ya mwaka 1986 na 1987, majina ya vikundi yalipangwa kwa ngazi. Msomaji alianzia soc, akashuka hadi soc.culture, akafika soc.culture.african na, baadaye, soc.culture.kenya. Hapakuwa na kibao cha kumwelekeza. Ilimbidi awe katika chuo kilichokipokea kikundi hicho, alifahamu jina lake, na ajiandikishe katika programu ya kusomea. Adabu ilimtaka pia asome kimya kwa siku kadhaa kabla ya kutia neno, kama mgeni yeyote wa barazani.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo lenye uzito zaidi ni umbo la mazungumzo hayo. Aliyejibu aliyanukuu maneno ya mwenzake, kila mstari ukitanguliwa na alama mfano wa ncha ya mshale, kisha akaweka jibu lake chini yake. Akijibiwa naye, alama ziliongezeka. Ukurasa mmoja ukabeba sauti tatu au nne zilizopandana. Msomaji aliyelelewa na mashairi ya Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, au ya Taifa Leo, hawezi kulishangaa umbo hili. Ni majibizano. Hata hivyo, ufanano huo una mpaka wake. Malenga anayejibu hufungwa na vina na mizani, na hasira yake hulazimika kupita katika mlango mwembamba. Usenet haikuwa na bahari wala mizani, na matusi yalipita bila kuinama.

Tena gazeti lina mhariri, ilhali vikundi vingi havikuwa na msimamizi. Kwa Wakenya hili halikuwa jambo dogo. Jarida la Beyond lilipigwa marufuku mwaka 1988 na The Nairobi Law Monthly mwaka 1990. Chama kimoja kilitawala kisheria hadi Desemba 1991. Mwanafunzi aliyekuwa ng'ambo aliweza kuandika usiku mmoja yale ambayo mwenzake nyumbani hakuthubutu kuyachapisha.

Lakini mwenzake huyo wa nyumbani alikuwa wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua za tarakilishi jijini Nairobi zilipitia mtandao wa FidoNet, zikisubiri zamu ya simu, na waliozitumia walikuwa hasa watu wa mashirika na wa utafiti. Intaneti kamili ilifika mwaka 1995. Mwaka huo huo Shirika la Posta na Simu, lililohodhi mawasiliano, lilitangaza kwamba huduma hiyo ilikiuka sheria. Lango la shirika lenyewe, Jambonet, lilikuja mwaka 1998. Mchuuzi wa nyama wa Burma hakuwamo. Alitajwa, alikumbukwa, pengine aliigizwa, lakini hakujibu.

Kwa hiyo ni kosa kuisoma Sheng ya vikundi hivyo kana kwamba ni kinasa sauti kilichowekwa sokoni. Iliandikwa na walioondoka. Sheng hubadilika upesi, na aliyepanda ndege aliondoka na msamiati wa siku ile ya safari. Alichokiandika ni lugha ya kumbukumbu, na hapo ndipo penye thamani yake ya kifasihi: neno lililokwisha kuchakaa mtaani lingeweza kudumu ughaibuni kama nembo ya kwao.

Kumbukumbu hizo hazikupotea zote. Deja News ilianza kuzihifadhi mwaka 1995, Google ikazinunua mwaka 2001, na Februari 2024 ikaacha kupokea maandishi mapya ya Usenet huku ya zamani yakibaki. Mtafiti anayezipekua hana budi kujaribu tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa Sheng haikuwa na maandishi sanifu: anayetafuta “mathree” pekee atamkosa aliyeandika “mathrii”. Atakutana pia na majina halisi ya watu waliodhani wanasemezana na waliokuwapo usiku ule tu.