Alamosaiti

Alamosaiti ni madini adimu ya silikati ya risasi, yenye fomula PbSiO₃. Yalielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1909 na Charles Palache na H. E. Merwin, na jina lake limetokana na Álamos, katika jimbo la Sonora, Meksiko, yalikogunduliwa.

Muundo

Takriban asilimia 73 ya uzito wake ni risasi. Silikoni na oksijeni zimeungana kuwa minyororo, na atomi za risasi ndizo zinazoishikanisha. Umbo la mnyororo hujirudia kila baada ya vizio 12 vya silikoni na oksijeni. Katika piroksini, madini ya kawaida ya miamba ya volkeno, hujirudia baada ya vizio 2 tu.

Sifa

Fuwele zake ni za mfumo wa monokliniki. Hazina rangi au ni nyeupe, na hung'aa kama almasi. Mara nyingi hutokea kama nyuzinyuzi zinazotawanyika kutoka kitovu kimoja. Ugumu wake ni 4.5 katika skeli ya Mohs, hivyo kisu cha chuma huzikwaruza. Densiti yake ni karibu gramu 6.5 kwa kila sentimita ya ujazo: kipande chake kina uzito wa karibu mara mbili na nusu ya kipande cha kwatzi cha ukubwa uleule. Kikichomwa kwa moto mkali, huyeyuka upesi na kuwa tone la kioo.

Yanakopatikana

Ardhini, risasi hupatikana zaidi ikiwa imeungana na salfa katika galena. Galena ikifikiwa na maji na hewa, risasi yake kwa kawaida huishia kuwa salfeti au kaboneti. Alamosaiti hujitokeza pale tu silika (silikoni iliyoungana na oksijeni) inapokuwapo huku salfeti na kaboneti zikipungua. Ndiyo maana ni adimu, ingawa risasi na silika zenyewe si haba. Mbali na Álamos, yamepatikana Tiger, Arizona, na katika mgodi wa Tsumeb, Namibia, uliofungwa mwaka 1996. Silikati hiyohiyo hujiunda pia katika mabaki ya tanuri za kuyeyushia risasi.

Matumizi

Hayachimbwi ili kupata risasi, kwa kuwa ni machache mno; huthaminiwa na watafiti, makumbusho na wakusanyaji wa mawe. Anayeyashika anawe mikono, wala asiyakate au kuyasaga bila kinga, kwani vumbi la risasi ni sumu.