Kwa nini maabara za serikali na za binafsi zinahitajiana

Oktoba 2 mwaka 2001, mwanamume mmoja alifikishwa katika hospitali ya jimbo la Florida, nchini Marekani, akiwa na homa kali na amechanganyikiwa. Daktari wa magonjwa ya kuambukiza alipotazama kwa hadubini maji yaliyotolewa kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa huyo, aliona bakteria wenye umbo la vijiti, akashuku kimeta. Sampuli ilipelekwa kwenye maabara ya afya ya umma ya jimbo hilo mjini Jacksonville, na Oktoba 4 ikatangazwa kuwa ni kimeta kweli. Mgonjwa alifariki siku iliyofuata.

Baadaye ilibainika kwamba vimelea hivyo vilikuwa vikisambazwa kwa makusudi kupitia barua. Watu 22 waliugua na 5 kati yao walifariki. Lakini tangu siku ile ya Oktoba 4, madaktari kote nchini walijua ni ugonjwa gani wa kuuangalia.

Kazi mbili tofauti

Maabara ya hospitali au ya kampuni binafsi humhudumia mgonjwa mmoja mmoja: ana malaria au hana, dawa ipi itamfaa. Maabara ya afya ya umma huitazama jamii nzima: ugonjwa umeanzia wapi, unaenea kwa kasi gani, na je, wagonjwa wa wilaya mbili wameambukizwa na kimelea kilekile?

Mgonjwa hachagui mlango kwa kufuata mgawanyo huo. Huenda anakohudumiwa haraka au karibu na nyumbani. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya mlipuko mara nyingi huonekana mahali ambapo hakuna uwezo wa kuuthibitisha.

Marekani ilianzisha mtandao wa kuziunganisha maabara hizo mwaka 1999, miaka miwili kabla ya tukio la Florida. Ngazi ya chini ni maabara za hospitali na za binafsi, ambazo kazi yake ni kushuku, kufunga sampuli kwa usalama na kuipeleka mbele. Ngazi ya kati, ambayo wengi wao ni maabara za umma, huthibitisha. Ngazi ya juu ni maabara chache za taifa zenye uwezo wa kushughulikia vimelea hatari zaidi.

Pale ushirikiano ulipochelewa

Mwaka 2020, Korea Kusini na Marekani zilitangaza wagonjwa wao wa kwanza wa korona takriban wakati mmoja. Korea Kusini ilikuwa na kumbukumbu chungu ya mwaka 2015, ambapo ugonjwa wa MERS uliua watu 38, na baada ya hapo ikabadilisha sheria ili vipimo viweze kuidhinishwa haraka wakati wa dharura. Januari 27, ikiwa na wagonjwa wanne tu, serikali iliyaita makampuni ya vipimo na kuyataka yatengeneze kipimo. Februari 4 cha kwanza kiliidhinishwa.

Marekani ilianza kwa kutegemea kipimo cha kituo chake cha kudhibiti magonjwa, CDC. Kilipofika kwenye maabara za majimbo, nyingi ziligundua kuwa hakitoi majibu ya kuaminika. Maabara nyingine zilizotaka kutumia vipimo vyao zilisubiri kibali. Masharti yalilegezwa Februari 29, na makampuni makubwa ya maabara yakaanza kupima mwezi Machi. Wakati huo virusi vilikuwa vimeshaenea bila kuonekana.

Yanayopaswa kukubaliwa mapema

Ushirikiano hauji kwa nia njema peke yake. Pande zote mbili zinapaswa kuafikiana ni magonjwa gani lazima yaripotiwe na ndani ya muda gani. Nani analipia usafirishaji wa sampuli. Na majibu yatumwe kwa mfumo gani ili yasomeke pande zote. Ubora nao hupimwa: maabara hutumiwa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, ili kuona kama zitayapata. Siri ya mgonjwa nayo lazima ilindwe.

Suala hili linagusa pia Afrika Mashariki. Nchini Uganda, Septemba 2022, kijana mmoja wa wilaya ya Mubende alitibiwa kwanza katika kliniki binafsi kabla ya kupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Sampuli yake ilipofikishwa kwenye taasisi ya taifa ya utafiti wa virusi, UVRI, ikathibitishwa kuwa ni Ebola aina ya Sudan. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Januari 11, 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa na 55 kati yao walifariki.

Kliniki ndogo ya mtaani haiwezi kupima Ebola, wala haitarajiwi kufanya hivyo. Inachohitaji ni kujua dalili za kutilia shaka, namba ya kupiga simu, na mtu wa kuja kuchukua sampuli siku hiyohiyo.