Usipoziba Ufa: Tafakari juu ya Urithi wa Mji Mkongwe

Juma hili tutafakari pamoja swali moja: ni nani hasa aulindaye urithi tulioachiwa na wahenga? Wengi wetu hujibu upesi kwamba ni Serikali. Historia ya Mji Mkongwe wa Unguja yatuonyesha kuwa jibu hilo ni la kweli, ila halijakamilika.

Katika nchi yetu, utunzaji wa mambo ya kale si jambo la Muungano. Tanzania Bara ilijitungia Sheria ya Mambo ya Kale mwaka 1964. Zanzibar ina sheria zake, na mzizi wake ni amri ya kuhifadhi majengo ya kale iliyotolewa mwaka 1927, zama za himaya ya Waingereza. Amri ya namna hiyo hutazama jengo moja moja. Lakini Mji Mkongwe ni kitu kimoja kizima: vichochoro, baraza, milango ya nakshi, misikiti, mahekalu ya Wahindu na makanisa.

Kwa hiyo mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 1994 ikatungwa sheria mahususi ya kuusimamia mji huo. Ndani ya mipaka ya hifadhi, mwenye nyumba hana ruhusa ya kubomoa, kuongeza ghorofa wala kubadili sura ya jengo lake pasipo kibali. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, nalo limo ndani ya mipaka hiyo. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Je, kazi iliishia hapo? La hasha. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Adui yake mkubwa ni maji. Paa likivuja, boriti huoza na ukuta hulegea. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi zilitaifishwa, na familia kadhaa zikapangishwa katika nyumba moja kwa kodi ndogo isiyotosha kutengeneza paa. Nyumba ya wengi ikakosa mwenyewe. Sheria yaweza kumkataza mtu asibomoe. Haiwezi kuikataza mvua isinyeshe.

Tuutazame mfano wa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Lilisalimika mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Baadaye likawa jumba la makumbusho, likilindwa na sheria na kupendwa na watu. Hata hivyo, mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Na tarehe 25 Desemba 2020, siku yenyewe ya Noeli, wakati ukarabati ukiendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wala ukuta mpya hauwarudishi waliofariki.

Basi tusiidharau sheria, kwani bila hiyo mwenye fedha angebomoa apendavyo. Wala tusiifanye kuwa kisingizio cha kukaa bure. Ofisi ya Serikali hutoa kibali, huweka mipaka na humwadhibu mkosaji. Lakini anayeliona tone la kwanza likidondoka darini ni yule aishiye ndani ya nyumba. Parokia zetu nyingi nazo zina makanisa ya zamani, makaburi ya wamisionari na vitabu vya ubatizo vilivyoandikwa kwa mkono. Juma hili tujiulize: ni lini mara ya mwisho tulipopanda kuutazama mfereji wa paa, au kulifungua kabati la vitabu hivyo ili kuona kama mchwa hawajaingia?