Vizazi Vijavyo na Jirani wa Leo: Kanisa Mbele ya Falsafa ya Wakati Ujao wa Mbali

Falsafa ya wakati ujao wa mbali hufundisha kwamba kuwatendea mema watu watakaoishi baada ya maelfu au mamilioni ya miaka ni miongoni mwa wajibu wetu mkuu wa kimaadili. Imeenezwa hasa na wanafalsafa wa Oxford, Uingereza: Nick Bostrom, Toby Ord na William MacAskill. Hoja yao ni kwamba watakaozaliwa huenda wakawa wengi mno kuliko sisi. Basi kuzuia maangamizi ya wanadamu wote kupewe uzito wa pekee. Mwaka 2020 Ord alikadiria kuwa uwezekano wa janga la kuwaangamiza wanadamu au kuuharibu kabisa mustakabali wao katika miaka 100 ijayo ni moja kwa sita.

Fundisho hili lina chembe ya ukweli. Silaha za nyuklia ni tishio la kweli, na hati ya Vatikano *Antiqua et nova* ya Januari 2025 inaonya juu ya akili unde inapotumika vitani. Papa Fransisko naye, katika *Laudato si’* (159–162), anafundisha kwamba haki inatudai pia kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kosa liko katika hesabu. Ukizidisha uwezekano mdogo kabisa kwa matrilioni ya watu ambao bado hawapo, jibu humeza kila mtoto anayeugua malaria leo. Timnit Gebru, mtaalamu wa kompyuta mzaliwa wa Addis Ababa, pamoja na mwanafalsafa Émile Torres, wanaonya kwamba hofu ya kesho hufunika madhara ya sasa. Mwaka 2023 ilifahamika kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili, ili mtambo wa ChatGPT ufundishwe kuyaepuka.

Kanisa linakwenda ndani zaidi: mtu si tarakimu. Mtume Paulo anakataa kutenda mabaya ili mema yapatikane (Rum 3:8). Tajiri wa Injili anahukumiwa kwa sababu ya Lazaro aliyelala mlangoni pake (Lk 16:19-31). *Gaudium et spes* (39) inafundisha kwamba kuitazamia nchi mpya hakupaswi kupunguza bidii yetu katika dunia hii, bali kuichochee.

Wakulima wa Ufipa wanaifahamu hekima hii katika ntumba. Nyasi hufukiwa chini ya tuta la mviringo, zikaoza na kuurutubisha udongo. Maharage hupandwa juu yake, na msimu ufuatao shamba hilo hupokea ulezi au mahindi. Jembe lile lile huwalisha waliopo na kuandaa chakula cha mwakani.

Ndivyo alivyoishi katekista na tabibu Adrian Atiman. Alikombolewa utumwani, akasomea utabibu Malta, akawahudumia wagonjwa wa Karema tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi kifo chake mwaka 1956. Alimtibu aliyeletwa mbele yake, na kwa njia ya mgonjwa huyo wakazaliwa watoto na wajukuu. Vizazi vijavyo hupitia kwa jirani wa leo.

Basi, mwamini anapoelezwa mpango wowote wenye kuahidi mema ya mbali, uwe wa dunia nzima au wa kigango chake, aulize kwanza: ni nani anayeambiwa asubiri, naye yuko katika hali gani mlangoni petu?